Watangazaji wa Mbio za Baiskeli Kwenye Runinga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwani mtangazaji wa baiskeli ana kazi gani? Picha si zinaonekana?

Zinaonekana, lakini hebu zima sauti uangalie hatua moja, yaani mbio za siku moja, ya Tour de France, zile mbio za wiki tatu za Ufaransa, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2025 walianza waendeshaji 184, timu 23 za watu wanane wanane. Wote wamevaa kofia ngumu na miwani, wote wameinama, na kila wanane wana jezi moja. Ghafla mmoja anarudi nyuma. Ametobokewa na tairi? Anakwenda kuchukua maji kwenye gari la timu? Au pumzi zimekata na ndiyo basi tena? Picha peke yake haikuambii.

Kwenye mpira, goli likiingia hata mtoto aliyekuwa anacheza na paka anajua. Kwenye baiskeli, tukio lililoamua mbio nzima linaweza kuwa mtu mmoja kuachia nusu mita kati yake na gurudumu lililo mbele yake. Asipokuwepo wa kukuonyesha hiyo nusu mita, utaangalia saa tano na usijue kilichotokea.

Mbona huwa wawili?

Mmoja ni mtangazaji, kazi yake kusukuma maneno. Wa pili ni mchambuzi, karibu kila mara mtu aliyewahi kushindana mwenyewe. Wa kwanza anasema nani yuko wapi, wa pili anasema kwa nini. Malalamiko mengi ya mashabiki, ukiyachunguza, yanatokana na mtangazaji kuanza kuchambua au mchambuzi kuanza kupiga kelele.

Wao si wanaona zaidi yetu, kwa kuwa wako kule kule?

Hapana, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Mara nyingi mtangazaji amekaa kwenye kibanda karibu na mstari wa kumalizia, na siku hizi pengine yuko studio nchi nyingine kabisa, akitazama skrini ile ile unayoitazama wewe. Picha zinatoka kwenye pikipiki na helikopta, na anayechagua ipi irushwe ni mwongozaji wa kituo mwenyeji. Mtangazaji hana sauti hapo. Anachokuzidi ni redio ya mbio inayompa taarifa kutoka barabarani, karatasi zake, na miaka ya kuwasoma watu kwa migongo yao.

Mfano ninaoupenda ni mlima wa La Plagne, Ufaransa, Julai 1987. Pedro Delgado wa Hispania alikuwa na jezi ya njano ya anayeongoza Tour na alimwacha Stephen Roche wa Ireland kwenye mlima ule mrefu. Kamera zikabaki na Laurent Fignon aliyekuwa anashinda hatua ile, na Delgado nyuma yake. Roche hakuonekana. Phil Liggett, aliyekuwa akiwatangazia Waingereza, hakuwa na habari zake kama sisi tusivyokuwa nazo. Delgado akafika, akamaliza. Halafu kwenye kona ya mwisho akatokea mtu. Liggett akaanza kwa kujiuliza ni nani huyo, akasita, kisha sauti ikampanda alipomtambua: ni Roche! Alikuwa sekunde 4 tu nyuma. Roche alianguka pale pale akawekewa oksijeni, na siku chache baadaye akachukua Tour kwa sekunde 40.

Kilichofanya sauti ile ikumbukwe mpaka leo ni kwamba mtangazaji alishangaa kweli. Ule mshangao hauigizwi.

Nani anapendwa kuliko wote?

Inategemea ulizaliwa mwaka gani na uliangalia kwa lugha gani. Kwa waliofuata kwa Kiingereza, jibu la kizazi kizima ni Liggett na Paul Sherwen. Liggett alianza kufuata Tour mwaka 1973. Sherwen aliungana naye miaka ya 80, wakakaa pamoja zaidi ya Tour 30. Sauti zao zilisikika Uingereza, Marekani, Australia na Afrika Kusini, na kwa wengi wetu tuliokuwa tunadokoa dokoa mbio hizi kwenye king'amuzi cha jirani, walikuwa ndio Tour yenyewe.

Walikuwa na misemo yao. Mpanda mlima akisimama kwenye pedeli, basi kwa Liggett "anacheza ngoma". Aliyechoka lakini hataki kuachwa, anafungua "sanduku la ujasiri". Kuna waliohesabu misemo hiyo kama watu wanavyohesabu methali za babu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli.

Ni kweli Sherwen alikuwa mtu wa Uganda?

Kweli, ingawa kwa pasipoti ya michezo alikuwa Mwingereza. Alizaliwa Uingereza mwaka 1956, akakulia Uganda, akarudi Ulaya kushindana. Alianza Tour mara saba na kumaliza tano, na mwaka 1987 alikuwa bingwa wa Uingereza. Alipostaafu alirudi kuishi Kampala na kushughulika na uhifadhi wa wanyamapori. Alifariki nyumbani kwake huko huko Kampala tarehe 2 Desemba 2018, akiwa na miaka 62.

Kuna jambo moja kuhusu yeye linalonifanya nimheshimu kuliko wale wachambuzi waliokuwa mabingwa wakubwa. Kwenye Tour ya 1985 alianguka mwanzoni kabisa mwa hatua, kundi likamwacha, akaendesha karibu siku nzima bila mtu wa kumkinga upepo. Alifika muda wa mwisho unaoruhusiwa ukiwa umeshapita. Kwa sheria alipaswa kurudishwa nyumbani, lakini waamuzi wakamruhusu kuendelea kwa moyo aliouonyesha. Sasa msikilize mtu wa namna hiyo akimzungumzia yule wa mwisho kabisa, anayepanda Alps huku gari la kukusanya waliochoka likimfuata mgongoni. Alikuwa anajua anachokisema. Wachambuzi wengi hawana la kusema kuhusu wa mwisho kwa sababu hawajawahi kuwa wa mwisho.

Basi kwa nini wengine hawakuwapenda?

Kwanza umri. Miaka ya mwisho majina yalianza kuchanganyika: anatajwa huyu, kumbe ni mwenzake wa timu. Shabiki wa kawaida anasamehe, shabiki aliyeshika orodha ya namba mkononi hasamehi.

La pili ni zito zaidi, na jina lake ni Lance Armstrong. Kwa miaka saba, 1999 hadi 2005, wawili hawa waliusimulia ushindi wake kama hadithi ya mtu aliyeshinda saratani na kisha dunia. Maswali kuhusu dawa za kuongeza nguvu yalipozidi, Liggett aliendelea kumtetea kwa muda mrefu kuliko wengi walivyotaraji. Mwaka 2012 Armstrong alinyang'anywa mataji yote saba, na Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye runinga. Mashabiki wakarudi kwa watangazaji: ninyi mlikuwa pale kila siku, hamkuona?

Mimi naona swali hilo ni la haki, lakini nusu yake. Mtangazaji analipwa na kituo kilichonunua mbio, na kituo kinataka mbio zipendeze. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kukaa kimya na kuimba sifa, na wao waliimba.

Nchini Uingereza, kituo cha ITV kiliwabadilisha mwaka 2016 kikaweka Ned Boulting na David Millar. Kwa watazamaji wa Marekani Liggett na Sherwen waliendelea, na baada ya kifo cha Sherwen nafasi yake pembeni mwa Liggett ikachukuliwa na Bob Roll.

Ni sawa mtu aliyewahi kutumia dawa kuwa mchambuzi?

Hapa hakuna amani. Millar huyo huyo alikiri kutumia EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 2004 akafungiwa miaka miwili. Alirudi akiwa msemaji mkali dhidi ya dawa. Kule Ufaransa, Laurent Jalabert alijiondoa kwenye utangazaji wa Tour ya 2013 baada ya habari kutoka kwamba sampuli yake ya 1998, ilipopimwa upya, ilikuwa na EPO. Baadaye alirudi kazini.

Shabiki mmoja atakwambia wafukuzwe wote. Ukiwafukuza wote wa kizazi kile, utabaki na wachambuzi wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nampa nafasi aliyesema ukweli mwenyewe kabla hajabanwa kabisa, na namsikiliza kwa sikio moja aliyenyamaza.

Carlton Kirby: mnampenda au mnamchukia?

Ndiyo.

Huyu aliyejulikana kupitia kituo cha michezo cha Eurosport ndiye anayegawa watu kuliko wote. Wanaompenda wanasema anachekesha, anachangamsha hatua za tambarare ambazo hata mbuzi wa kando ya barabara wanasinzia. Wasiompenda wanasema yuko katikati ya kichekesho mtu anapochomoka, na kichekesho lazima kwanza kiishe. Ukweli ni kwamba kurithi kiti cha Eurosport ni kurithi desturi ya kuzurura. Kabla yake alikuwepo David Duffield, aliyeweza kukusimulia alichokula jana usiku, mvinyo gani uliambatana nacho, na mpishi alikuwa nani, huku kundi likiteremka kilomita 70 kwa saa. Watu walilalamika sana kuhusu Duffield. Alipoondoka, watu wale wale wakaanza kumkumbuka.

Na Sean Kelly je? Mbona anasifiwa na haongei?

Ndiyo sababu anasifiwa. Mtoto wa mkulima kutoka Ireland, mshindi wa mbio za Paris–Nice mara saba mfululizo (1982 hadi 1988), jezi ya kijani ya Tour, ile ya anayeongoza kwa pointi, mara nne, na Vuelta, Tour ya Hispania, ya 1988. Husimuliwa kwamba alipokuwa bado anashindana aliwahi kuhojiwa redioni, akajibu swali kwa kutikisa kichwa.

Kwa miaka mingi alipoketi Eurosport, mwenzake alikuwa akibubujika kama bomba lililopasuka, kisha kimya, kisha Kelly: huyu anayeongoza hatashinda, angalia mabega yake. Dakika tatu baadaye anaachwa. Bila shangwe, bila nilisema mimi. Ukiniuliza mimi, mchambuzi apimwe hivyo: ni mara ngapi amekuambia jambo kabla halijaonekana? Sauti nzuri, ucheshi na takwimu ni kachumbari tu.

Kwa nini Wafaransa wanazungumzia makasri badala ya mbio?

Kwa sababu helikopta inayaonyesha, na kwa sababu nusu ya wanaoangalia Tour mchana wa Julai kule Ufaransa hawafuati baiskeli. Bibi yuko kwenye kochi, anaangalia nchi yake. Jean-Paul Ollivier alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na baada yake Franck Ferrand, mtu wa historia. Tangu mwaka 2017 kila hatua ya Tour inarushwa yote, kutoka bendera ya kuanzia mpaka mstari wa mwisho. Hizo ni saa nne au tano. Ukiwa na watoro, yaani waliochomoka kundini, watatu wasio na madhara mbele na kundi limelala nyuma, utasema nini kama si kasri na jibini?

Lakini Ufaransa hiyo hiyo ilitoa kanuni ya Robert Chapatte, mwendeshaji aliyegeuka mtangazaji: kundi likiamua kufukuza, linahitaji kilomita 10 kufuta dakika moja. Watoro wakiwa na dakika mbili zikibaki kilomita 25, anza kuwahurumia. Siku hizi watoro wanaivunja mara nyingi, ila bado naitumia kujua muda wa kwenda kuchemsha chai.

Kuna wanaosikiliza kwa lugha wasiyoijua. Ni kweli?

Kweli kabisa, na si wehu. Wengi hutafuta utangazaji wa Kiflemi, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji, hasa enzi za Michel Wuyts na José De Cauwer wa Ubelgiji, bila kuelewa neno. Wanasema majina unayashika, na sauti ikipanda unajua jambo limetokea. Wabelgiji hawapandishi sauti bure. Kwa Kihispania yupo Delgado, yule wa La Plagne, ambaye amekuwa mchambuzi kwa miaka mingi; kumsikiliza mtu akisimulia mlima uliomtoa jasho mwenyewe kuna ladha yake hata kama unaambulia neno moja kati ya kumi.

Watangazaji wa Ulaya wanawatendea vipi waendeshaji wa Afrika?

Wanajifunza, polepole. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alipovaa jezi ya madoa mekundu, ya anayeongoza kwenye milima, kwenye Tour ya 2015, jina lake liliwatafuna watu meno. Kisha akaja Mweritrea mwenzake Biniam Girmay: mbio za Gent–Wevelgem za Ubelgiji 2022, hatua ya Giro, Tour ya Italia, mwaka ule ule, halafu Tour ya 2024 akashinda hatua tatu na kufika mwisho, Nice, na jezi ya kijani. Mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushinda hatua ya Tour. Siku ya ushindi wake wa kwanza, kule Turin, sauti za watangazaji zilikatika, na hakuna shabiki aliyelalamika.

Ila kuna kitu. Kwa Waeritrea, jina la mtu ni Biniam. Girmay ni baba yake. Ulaya nzima inapiga kelele "Girmay! Girmay!", yaani inamshangilia mzee. Sisi ambao kwetu Juma Hamisi ni Juma, na Hamisi ni babake, tunalielewa hilo bila kufundishwa.

Kinachoudhi zaidi ni habari ile ile moja kila mara. Mzungu akishinda tunaambiwa gia aliyotumia, Mwafrika akishinda tunaambiwa alikotoka. Chris Froome yeye alipata yote mawili: mzaliwa wa Nairobi, aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, aliyeshinda Tour nne. Nairobi ilikuwa ikitajwa kama pambo, na Kinjah mara moja moja.

Mashindano ya dunia ya Kigali yalibadilisha chochote?

Yalibadilisha matamshi angalau. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na watangazaji ambao maisha yao yote ni vilima vya Ulaya kama Oude Kwaremont na Poggio walilazimika kusema Kimihurura na Kwa Mutwe, vilima vya Kigali. Wengine walifanya kazi yao ya nyumbani, wengine walipita juu juu kama mtu anayeruka dimbwi.

Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5. Tadej Pogačar alishambulia kwenye Mlima Kigali ikiwa imebaki zaidi ya kilomita 100, na tangu hapo mtangazaji alikuwa na kazi mbaya kuliko zote: kuwashawishi watu waendelee kuangalia mbio ambazo mshindi anajulikana. Waliofaulu ni wale walioacha kumtazama Pogačar wakageukia umati uliojaa kwenye vilima, na nyuma kundi lililokuwa likipukutika. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Sherwen.

Wanawake wako wapi kwenye vibanda vya utangazaji?

Wapo, wachache, na wanapigwa darubini mara mbili. Marion Rousse, bingwa wa Ufaransa wa 2012, anachambua Tour kwenye runinga ya taifa na tangu 2022 ndiye mkurugenzi wa Tour de France ya wanawake. Hannah Walker wa Uingereza naye alitoka kwenye mashindano. Malalamiko dhidi yao mengi ni ya "sauti". Mwanamume akikosea jina, amekosea jina. Mwanamke akikosea, inakuwa sauti yake haifai. Jibu langu huwa fupi na silirudii hapa.

Ni kosa gani la utangazaji linalokumbukwa zaidi?

Kosa kubwa ninalolikumbuka halikuwa la watangazaji peke yao. Olimpiki ya Tokyo, mbio za wanawake, 25 Julai 2021. Waendeshaji hawaruhusiwi redio za masikioni kwenye Olimpiki. Anna Kiesenhofer wa Austria, mtu mwenye shahada ya udaktari ya hisabati, alichomoka mwanzoni kabisa na kundi likamsahau. Likawarudisha watoro wengine, likadhani kazi imekwisha. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi akavuka mstari mikono juu akiamini ameshinda. Alikuwa wa pili, zaidi ya dakika moja nyuma.

Mtangazaji aliyekuwa anahesabu vizuri aliwajua wote waliokuwa mbele. Asiyehesabu alibaki kundini pamoja na Van Vleuten. Ndiyo maana nasema daftari ni muhimu kuliko koo.

Mtu akianguka, mtangazaji aseme nini?

Kidogo. Tarehe 9 Mei 2011 Wouter Weylandt wa Ubelgiji alifariki baada ya kuanguka kwenye mteremko wa Giro. Gino Mäder aliondoka vivyo hivyo mwaka 2023, siku moja baada ya kuanguka Tour de Suisse. Hakuna anayejua, sekunde ile ya kwanza, kama ni mchubuko au ni msiba. Anayekimbilia kusema "atainuka" anaweza kuwa anaisemea familia iliyo mbele ya runinga. Mashabiki wanasamehe utani mbaya, wanasamehe majina. Maneno mengi juu ya mtu asiyetikisika hawayasamehi, na mimi pia.

Kwa nini watu wanalalamikia bei siku hizi kuliko watangazaji?

Kwa sababu Uingereza na Ireland zilifungiwa Eurosport tarehe 28 Februari 2025, mbio zikahamia TNT Sports, na kwa Mwingereza ada ya mwezi ikaruka kutoka pauni 6.99 hadi 30.99. Halafu ITV nayo ikarusha Tour yake ya mwisho Julai ile, baada ya hapo hakuna Tour ya bure moja kwa moja kwao. Ghafla yule mtangazaji aliyekuwa anawakera akawa wa kuliliwa.

Mbio hizi zingetangazwaje kwa Kiswahili?

Swali hili naulizwa kuliko yote na ndilo ninalolipenda. Maneno tunayo. Anayejificha nyuma ya wenzake bila kuongoza hata mara moja ni kupe, hahitaji jina jingine. Anayebeba chupa za maji za bosi wake ni mpagazi. Anayeongoza kundi anakula upepo. Aliyechomoka ametoroka, aliyeshindwa kufuata amekatika, na kundi likigawanyika kwenye upepo wa pembeni limepasuka kama chungu.

Siku moja kwenye baa nilijaribu, wenye mpira walipokuwa wanasubiri mechi yao. Nikapunguza sauti ya Kiingereza nikaanza mwenyewe, kilomita 12 za mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa anadai abadilishiwe chaneli aliuliza, "Huyu kupe mwenye jezi nyekundu, hawamfukuzi?" Nikamwambia hawawezi, sheria inamruhusu. Akasonya, akavuta kiti mbele, akasema basi ngoja tuone kama atawaibia. Aliwaibia. Mechi ilianza bila yeye kujua, kwa sababu alikuwa bado anabishana nami kwamba mtu kama yule hapaswi kupewa maua.